Tulipopata bomba tukausahau mto

Juzi nimesimama pale daraja la mto Rau, hapa Moshi, nikaangalia chini, jamani niliumia. Pampasi zimenasa kwenye mizizi, mifuko, matambara, halafu pembeni kuna mtu analima nyanya mpaka ukingoni kabisa, hajaacha hata mti mmoja.

Mimi nimekulia Uru na nyumbani kwetu mfongo, yaani mfereji wa maji ya mtoni, ulikuwa unapita kihambani, kwenye shamba letu la migomba. Bibi alikuwa hatuachii tutie mguu asubuhi kabla watu hawajachota. Siku ya kusafisha mfongo kila nyumba inatoa mtu, usipoenda unalipa faini, na ukikaidi unanyimwa zamu ya maji, basi migomba yako inakauka huku jirani anamwagilia, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anangoja kuhimizwa.

Sasa bomba limekuja, na sipingi, sitaki mwanangu ashinde na ndoo kichwani kama mimi. Ila tulipoacha kuchota mtoni tukaacha na kuuangalia, ukabaki kama uchochoro wa kutupia taka usiku.

Na taka haziishii pale. Maji ya Rau na mto Njoro ndo yanamwagilia mpunga wa skimu ya Lower Moshi, Mabogini na Chekereni huko, tangu miaka ya 80, yaani ule mchele unaonunua sokoni umeoteshwa na maji uliyotupia pampasi mwenyewe. Yanayobaki yanashuka bwawa la Nyumba ya Mungu ambako watu wanavua, halafu yanaenda na mto Pangani mpaka baharini.

Watu wanasema serikali ilete sheria. Sheria ya mazingira ipo toka 2004, ndani ya mita 60 kutoka mtoni huruhusiwi kufanya shughuli inayouharibu, lakini nani anasimama pale kila siku kupima? Ni sisi tunaoishi pale. Kila mtaa unaopakana na mto upewe kipande chake kama tulivyofanya kwenye mfongo, kila nyumba itoe mtu, na faini iwepo kweli. Ila na halmashauri nao watafute njia ya kuchukua taka za nyumba za bondeni ambako gari halifiki, maana huwezi kumpiga faini mama ambaye hana pa kuzipeleka.

Mtaani kwetu tumeshaongea na mwenyekiti, tunaanza Jumamosi saa moja asubuhi, kuanzia darajani kushuka. Njooni na mabuti, reki na magunia.