Jinzi nzuri ni ile ambayo rangi haikuzama

Mteja akitaka jinzi ya mtindo wa zamani, njia ya mkato ni kushona kitambaa kipya, kisha kukipauza kwa jiki na msasa. Sisi tunaipinga. Jiki haili rangi peke yake, inakula na pamba, ndiyo maana suruali hizo hutatukia magotini kabla hazijazoeleka mwilini.

Uzee wa jinzi hutengenezwa mapema zaidi, kwenye pipa la rangi. Nili, ile rangi ya buluu ya jinzi, haiyeyuki kwenye maji. Ili ishike uzi, huyeyushwa kwa kemikali za haidrosulfiti na kostiki soda, mpaka maji yawe ya manjano yenye ukijani. Uzi wa mtande, yaani ule wa urefu wa kitambaa, huchovywa kwa sekunde chache na kutolewa nje, na hewa inaugeuza buluu mbele ya macho yako. Kisha unarudishwa tena, mara sita, nane, hata zaidi. Viwandani, nyuzi kama 350 hadi 400 hukusanywa pamoja kama kamba nene na kupitishwa hivyo hivyo. Kwa kuwa kila mzamo ni mfupi, rangi inaganda juu na kiini kinabaki cheupe. Msuguano wa mapaja, funguo na simu ukimenya tabaka hilo la juu, weupe unatokeza palepale penye mkunjo. Uzi ulioiva rangi hadi ndani hupauka kizembe, suruali nzima kwa mpigo. Mshindio, uzi unaopita kwa upana, hautiwi rangi kabisa, ndiyo maana jinzi ukiigeuza ndani huonekana nyeupe.

Pamba ya Igunga na Nzega hutoka kwenye vinu ikiwa marobota, na fundi wa Tabora hukutana na denimu, kitambaa cha jinzi, ikiwa imeshafumwa. Pipani hana sauti. Dukani anayo. Chomoa uzi mmoja wa buluu, uukate kwa wembe, utazame kiini. Kisha uchome: pamba inaacha jivu laini, polista inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kitambaa kinachovutika kama mpira kirudishe mezani. Hakikunji mistari ya kudumu.

Kosa linalotia hasara kuliko yote ni kukata kitambaa kabla ya kukilowesha. Denimu isiyosinyazwa kiwandani inaweza kupungua hadi asilimia 10. Chora mraba wa sentimita 50, loweka nusu saa kwenye maji ya moto, anika kivulini, upime tena. Ukikuta 46 upande wa urefu, mguu wa sentimita 105 ungerudi chini ya 97. Huyo mteja utamwambia nini?

Kwa kitambaa kizito, cherehani ya miguu inatosha kabisa ukiwa na sindano namba 18 na mshono wa milimita 3 hivi. Tabu iko pale mishono iliyokunjwa mara mbili inapokutana, hasa pale miguu ya suruali inapoungana. Mguu wa cherehani unapanda kilima, unainama, uzi unaruka au sindano inakatika, na lawama zinaangukia sindano. Gonga kwanza hapo kwa nyundo mpaka palale, halafu weka kipande cha denimu kilichokunjwa nyuma ya mguu ili ukae sawa.

Riveti, vile vipini vya shaba kwenye pembe za mifuko, ambazo fundi Jacob Davis na mfanyabiashara Levi Strauss walizipatia hataza tarehe 20 Mei 1873 zilikusudiwa kuzuia mifuko isichanike, hazikuwa pambo. Toboa tundu dogo kuliko shina la riveti, la sivyo italegea na kung'oka na kitambaa.

Pindo acha mwisho, na ubakize sentimita 8. Lile pindo lililojisokota kama kamba hutokana na mshono wa mnyororo, ambapo tabaka la juu na la chini hayasogei sawasawa. Cherehani ya kawaida haitoi msokoto ule kwa ukamilifu, na mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa.