Mlango wa Sentimita 30

Jamani, nipumzisheni na majengo ya sayari nyingine. Kila nikifungua simu nakuta jiwe limezungushiwa duara jekundu, muziki wa kutisha unanguruma, na sauti nzito inaniuliza: "Je, ni nani aliyejenga hiki?" Hakuna aliyejenga, bwana. Ni jiwe. Lingekuwa na mdomo lingekujibu lenyewe.

Mei 2022 Curiosity, kigari cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilipiga picha ya mwamba huko Mirihi wenye ufa uliokatika kimraba. Basi! Mlango! Kaburi la mfalme! Njia ya kuzimu! Ukiuliza urefu wa huo mlango, kimya. Haya, niwatajie mimi: sentimita 30 hivi. Rula ya mtoto wa shule. Yaani viumbe wenye akili ya kuvuka nyota wamekaa wakapiga hesabu, wakajenga mlango wa kupita paka, tena paka mwenyewe ainame. Fundi wangu mimi ni mwongo, anakula hela ya saruji na simu hapokei, lakini angalau anajua kichwa cha mtu kinafika wapi.

Miezi michache kabla ya hapo kilikuwa kibanda. Desemba 2021, kigari cha Wachina, Yutu-2, kiliona kitu cha mraba kwa mbali, upande wa Mwezi tusiouona. Watu wakakesha wakibishana ni nani mwenye nyumba. Kigari kikajikokota wiki kadhaa kuvuka mita 80 hivi, na kibanda kikawa kinapungua kadiri mgeni anavyokaribia. Januari kikafika: kijiwe. Si jabali hata, kijiwe! Waliokesha hawakuomba radhi; walikuwa wameshahamia Mirihi.

Hapo ndipo ninapokasirika. Majengo haya yanaogopa kamera nzuri. Percival Lowell, mwanafalaki Mmarekani, alichora mifereji ya Mirihi miaka na miaka kupitia darubini yake, akidai imechimbwa na viumbe wa huko. Mwaka 1965 chombo cha anga cha Mariner 4 kikapita karibu na Mirihi na kupiga picha 22, hakuna mfereji hata wa kumwagia maji machafu. Ule uso maarufu wa Cydonia, eneo la Mirihi lenye kitu kilichofanana na sura ya mtu, ulipigwa picha na chombo cha Viking 1 mwaka 1976, kila nukta ya picha ikifunika karibu mita 50 za ardhi. Kwa picha ya namna hiyo hata mimi naweza kuwa mtanashati. Mwaka 2001 chombo kingine, Mars Global Surveyor, kikaupiga picha tena, nukta moja mita moja na nusu hivi: kilima. Pua imekwenda, macho yamekwenda, kimebaki kilima na aibu. Mkandarasi gani huyu ambaye kazi yake inaonekana kwenye picha mbovu tu?

Shemeji yangu ana jibu: "NASA wanaficha." Wanaficha nini, shemeji? Picha ya ule uso waliitoa wao wenyewe, siku chache tu baada ya kupigwa, na maelezo wakaandika kwamba ni vivuli vinavyofanana na macho, pua na mdomo. Mtunza siri gani anaibandika siri ukutani halafu anaiwekea maelezo? Nikamweleza yote hayo taratibu, kwa heshima ya ushemeji. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasogea karibu na kuniuliza kwa sauti ya chini wananilipa kiasi gani.