Pumu nyepesi ikitulia, steroidi ipunguzwe au iachwe?

Mwenye pumu nyepesi akipitisha miezi mitatu bila kubanwa kifua wala kuamka usiku akikohoa, hujiuliza: naivuta ya nini hii steroidi, na mimi mzima? Ana haki ya kuuliza. Dawa hii ina madhara yake, yakiwemo sauti kukwaruza na fangasi za mdomoni, japo kusukutua maji baada ya kuvuta huzipunguza. Watoto waliotumia budesonidi, mojawapo ya steroidi hizi za kuvuta, kwa miaka kadhaa walipimwa ukubwani, wakaonekana wafupi kuliko wasioitumia kwa wastani wa sentimita 1.2 hivi.

Lakini utulivu huo mara nyingi ni kazi ya dawa yenyewe. Steroidi haiponyi pumu, inashikilia tu uvimbe wa njia za hewa. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2000 ulikuta kuwa vifo vya pumu vilipungua kadiri wagonjwa walivyotumia kopo nyingi zaidi za steroidi, na waliokatisha walikuwa hatarini zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo.

Kati ya kuvuta kila siku na kuacha kabisa kuna njia ya tatu, nayo ndiyo inayonivutia: budesonidi na fomoteroli, dawa ya kupanua njia za hewa, katika inhela moja, ivutwe dalili zinapotokea tu. Jaribio la SYGMA 2 la mwaka 2018, lenye wagonjwa zaidi ya 4,000 wa miaka 12 na kuendelea, lilikuta mashambulizi makali karibu sawa na ya waliovuta steroidi kila siku, kwa takriban robo ya dozi. Waliovuta kila siku walipata nafuu kidogo zaidi katika dalili za kawaida. Tofauti hiyo ni ndogo, ila si ya kudharauliwa na mtu anayekohoa.

Ninachokipinga ni kuacha steroidi na kubaki na salbutamoli peke yake. Hiyo hufungua kifua na kuuacha uvimbe ukiendelea kimyakimya. Ndiyo maana mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa pumu, uliikataa njia hiyo mwaka 2019 kwa watu wazima na vijana.

Anayetaka kupunguza ashauriane na daktari, ashushe dozi kwa robo hadi nusu, kisha asubiri miezi mitatu. Asianze akiwa na mafua, ujauzito au safari. Na wapo ambao kifua hubana sana kabla hawajahisi lolote. Kuvuta dalili zikitokea kunategemea kuzihisi, kwa hiyo hao ningewaacha na dozi ndogo ya kila siku.