Megan Davis na Sauti Iliyokataliwa

Tarehe 26 Mei 2017, Profesa Megan Davis, mwanasheria wa Katiba kutoka jamii ya Waaborijini ya Cobble Cobble ya Queensland, Australia, aliwasomea wajumbe wa wenyeji wa asili waliokusanyika Uluru Tamko kutoka Moyoni, wito wao kwa Waaustralia. Siku hiyohiyo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu jijini Arusha iliamua kwamba Kenya imevunja haki za Waogiek, jamii ya wawindaji wa msitu wa Mau. Kwangu, matukio hayo mawili yana swali moja: haki ikishaandikwa, nani ataifanya serikali imsikilize mwenyeji?

Davis na wenzake walijibu: Sauti, chombo cha kulishauri Bunge la Australia, kilichosimikwa ndani ya Katiba. Jibu hilo halikutungwa ofisini. Lilitoka kwenye mikutano ya siku tatu tatu, kuanzia Hobart hadi Thursday Island, ambako Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait walikataa maneno matamu ya kutambuliwa tu katika Katiba. Walikuwa na kumbukumbu: ATSIC, tume waliyokuwa wakiichagua wenyewe, Bunge liliifuta mwaka 2005 kwa sheria ya kawaida.

Tarehe 14 Oktoba 2023, kwenye kura ya maoni ya kuiingiza Sauti katika Katiba, takriban asilimia 60 ya wapiga kura walisema hapana, na hakuna jimbo hata moja kati ya sita lililosema ndiyo. Hapo wakosoaji wana hoja nzito. Tangu 1901 ni mapendekezo 8 tu ya kubadili Katiba kati ya 45 yaliyopita, na hakuna lililopita bila vyama vikuu kuungana. Chama cha Liberal, chama kikuu cha upinzani wakati huo, kilishatangaza mwezi Aprili kwamba kinaipinga Sauti. Kwa nini basi kisianze chombo cha sheria ya kawaida, watu wakizoee, kama jimbo la South Australia lilivyofanya? Seneta Jacinta Nampijinpa Price alisema Sauti ingewagawa raia kwa nasaba. Seneta Lidia Thorpe, naye Mwaborijini, alipinga kwa sababu nyingine kabisa: chombo cha ushauri hakina meno, mkataba kati ya serikali na wenyeji utangulie.

Hoja ya Thorpe ndiyo inayonisumbua zaidi, maana Bunge lisingefungwa na ushauri wowote. Lakini nikiitazama Kenya, naona Davis alikuwa sahihi kudai chombo badala ya maneno. Katiba ya 2010, ibara ya 63, inatambua ardhi za asili za jamii za wawindaji, na Arusha ikaongeza amri ya fidia mwaka 2022. Hata hivyo, Novemba 2023 Waogiek walibomolewa nyumba Mau.

Ninapotofautiana na kambi yake ni kwenye muda. Umoja wa vyama ulipovunjika, kura ingesubiri, ijapokuwa najua kusubiri ndiko walikoambiwa kwa miaka mingi.

Katika vituo vya kura vya mbali vya Northern Territory, eneo la kaskazini lisilo miongoni mwa majimbo sita, vijijini kwa Waaborijini wenyewe, ndiyo ilishinda kwa wingi mkubwa.