Boti ya Vipande 124

Mwenzenu wiki ya tatu hii silali vizuri, na anayeninyima usingizi ana urefu wa sentimita 25. Ni boti ya plastiki, zile za kuunga mwenyewe. Kaniletea mdogo wangu aliyeko Hamburg, baada ya treni ya kuchezea aliyoleta mwaka jana. Sasa mimi mzaliwa wa Kigoma, niko Tabata, nimepewa treni, nifanyeje? Nikatafuta plaiwudi, nikaanza kujenga Kigoma yetu juu ya meza ya kulia: stesheni, miembe, gati. Tunakula tumepakata sahani tangu Februari.

Kipimo ni 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Nilitaka gatini isimame Liemba yenyewe, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Nikapiga hesabu: meli ya mita 71 inatoka kama sentimita 82. Mama Neema akasema hizo sentimita 82 nikazitafute kwa mama yangu. Ndiyo tukaangukia tagi, boti ya kuvuta meli. Na reli zenyewe, upana milimita 16.5. Zidisha mara 87 uone: kama milimita 1,435, SGR hiyo, ile reli mpya ya treni za umeme! Mezani kwangu SGR imeshafika Kigoma, na kichwa cha umeme juu.

Nikafungua boksi. Vipande 124, vimetungwa kwenye vijiti kama mishikaki. Maelekezo lugha tisa, Kiswahili hakimo, nikafuata picha. Namba 43 ni nanga, punje ya mchele ni kubwa. Nikaikata kwa kikatia kucha, ikaruka, tii! Mpaka leo. Tumefagia, vumbi tumelipepeta kwa ungo kama mchele wa shughuli. Nanga hakuna.

Gundi hawakuweka. Nikachukua supagluu, ile ya fundi viatu. Kumbe mvuke wake unapiga plastiki angavu ukungu mweupe. Asubuhi madirisha yote ya nahodha yana mtoto wa jicho. Nyingine ilichuruzika ukutani mwa boti, nikaifuta kwa ile dawa ya Mama Neema ya kutolea rangi ya kucha. Gundi ilitoka, sikatai. Na ukuta ukatoka nayo, ukalegea kama samli juani. Mama Neema hakuulizia boti, aliulizia chupa yake.

Kinachoniuma ni Liemba. Ile nayo ililetwa vipande! Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifumua, wakaitia kwenye masanduku 5,000. Ikaja Dar kwa meli, ikaenda Kigoma kwa treni, ikaungwa upya, 1915 ikaingia ziwani. Mafundi meli waliotoka nayo kwao walikuwa watatu! Sawa, na vibarua wengi wa kwetu. Mimi kibarua wangu ni Neema, yuko darasa la sita, analipwa biskuti, na juzi alidai nyongeza. Vita Kuu ya Kwanza ilipowabana Wajerumani mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza wakapaka injini grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Miaka minane majini, ikapona! Yangu imeharibikia sebuleni, pakavu.

Jumamosi nikamaliza pangaboi ya boti, ile ya chini nyuma inayosukuma maji. Jioni tatu nimeipaka rangi ya shaba kwa njiti ya kiberiti, pumzi nimebana. Nikaishusha ziwani. Ziwa langu ni plasta, bluu, vanishi juu. Boti ikalala ubavu kama mbuzi wa sikukuu.

Ziwa halina kina, tumbo la boti lingekwenda wapi? Inatakiwa kukatwa usawa wa maji, na chini yote itupwe. Pangaboi ikiwemo. Jioni tatu! Jirani yangu, ambaye hajawahi kuunga hata kiti, akasema, "Si ungeikata kwanza?" Huyu chai yangu ameinywa kwa mara ya mwisho.

Nikachukua msumeno wa chuma. Mkono nao ukapinda, omoni, yaani mbele, nimekata chini, shetrini, yaani nyuma, nimekata juu. Sasa boti imekaa, lakini omo inatazama mawingu na shetri imekwenda chini.

Neema akaja na biskuti yake, akainama, akaangalia.

"Baba, inazama?"

"Haizami. Inazamishwa. Hapa ni mwaka 1916."

Akatafuna kidogo. Akatazama stesheni.

"Na treni ya umeme?"

Nikamwambia aende akalale. Ilikuwa saa kumi na moja jioni.