Jino moja linauma, mwili mzima umegoma

Jamani naomba niulize, jino linalouma ni moja tu, gego la chini huku nyuma, sasa tumbo linahusikaje? Maana hilo gego lilikuwa halinipi usingizi, na hii baridi ya Chuga, yaani Arusha, ya mwezi wa saba ndo kabisa, upepo wa Meru ukipenya mdomoni nalia chozi mtu mzima, halafu nashuka tu kwenye kifodi, daladala zetu za huku, jirani na kliniki ya meno, kimyaa. Haliumi hata kidogo!

Wanasema ni adrenalini, ile homoni ya woga. Ukiogopa mwili unajua kuna simba anakuja, maumivu yanawekwa pembeni kwanza, damu inapunguzwa tumboni inapelekwa miguuni ukimbie. Sawa, simba, ila mi nimekaa kwenye benchi na kadi ya bima mkononi nakimbilia wapi? Na hiyo miguu iliyopewa damu yote kazi yake kutetemeka tu.

Nesi akanifunga kile kitambaa cha presha, 158 kwa 96. "Kaka, una presha?" Dada sina presha, nina woga. Eti kaa pale utulie tutapima tena, nitulie wapi na chumba cha pili mashine inalia ziiiiii? Chooni nimeenda nikarudi nikaenda, wala hakuna cha maana. Mdomo umekauka ulimi umegandia juu, jina langu lenyewe nalitaja kwa shida, ila dokta kusema tu "achama", mate hayo kama bomba la mtaani limepasuka.

Na ile sindano ya ganzi, nyingi huwa wanachanganya adrenalini humohumo, ibane mishipa ganzi isiishe haraka. Yaani mi nimekuja na yangu imenijaa mpaka kooni, wananiongezea! Moyo ulipiga mpaka kifungo cha shati nakiona kinacheza.

Jino lilishatoka, sina neno. Kinachoniudhi ni karafuu. Baadhi ya dawa za kuzibia meno zinatengenezwa na mafuta ya karafuu, ndo ile harufu ya kliniki, na mwili wangu umeishika. Jumamosi harusini huko Sakina sinia la pilau limepita, moyo mbio, viganja vimelowa, nikasukuma sahani pembeni nikaomba ndizi. Sasa hivi upande wa mke wangu wote wanasema Baba Neema kasusa pilau kisa alidaiwa mchango.