Lexington, Nebraska: mji wa watu 10,000 na kiwanda kimoja

Novemba 21, 2025, kampuni ya Tyson Foods ilitangaza kwamba ingefunga kiwanda chake cha nyama ya ng'ombe mjini Lexington, jimbo la Nebraska, ifikapo Januari 2026. Wafanyakazi wapatao 3,200 walipewa siku 60 za kujiandaa, na hizo ndizo siku chache kabisa zinazoruhusiwa na sheria ya shirikisho ya 1988 kuhusu kufungwa kwa viwanda. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 10,348 katika mji huo. Hata ukiwatoa wafanyakazi wanaotokea miji jirani ya Cozad, Gothenburg na Kearney, hesabu inatisha: huo si mji wenye kiwanda, ni kiwanda chenye mji.

Zimetolewa hukumu mbili. Wa kwanza wanasema mji ulijitakia: mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Lexington ilitegemea cha kampuni ambayo makao yake yako Springdale, Arkansas, mamia ya kilomita kutoka hapo. Wa pili wanasema bila kiwanda hicho pasingekuwa na mji wa kuuhurumia leo, na kwamba lawama ni ya wenye kampuni. Mimi nasimama karibu zaidi na hawa wa pili. Lakini wa kwanza wameona jambo moja ambalo wenzao hawapendi kulitazama, na nitalifikia.

Turudi nyuma kidogo. Lexington iko katika Kaunti ya Dawson, kwenye bonde la mto Platte, pembeni mwa barabara kuu ya I-80 inayokatiza Marekani mashariki hadi magharibi. Ni nchi ya mahindi ya kumwagilia na ng'ombe wa kunenepesha. Katikati ya miaka ya 1980, wakulima walipozama kwenye madeni na benki za vijijini zikaanguka, kiwanda cha New Holland kilichokuwa kikitengeneza mashine za kuvuna nafaka mjini humo kilifungwa. Idadi ya watu, ambayo ilikuwa 7,040 mwaka 1980, ikashuka hadi 6,601 mwaka 1990. Jengo kubwa likabaki tupu. Mwaka huohuo wa 1990 kampuni ya nyama ya IBP ikafungua machinjio humo na kuanza kuajiri. Miaka kumi baadaye sensa ikahesabu watu 10,011. Tyson iliinunua IBP mwaka 2001, na kiwanda kikawa chake.

Kwa nini IBP ilifuata mji mdogo wakati Chicago na Omaha zilikuwa zimejulikana kwa machinjio makubwa tangu karne ya 19? Kwanza, ng'ombe akisafirishwa mbali hupungua uzito, na kila kilo inayopotea njiani ni fedha. Pili, tangu miaka ya 1960 IBP ilikuwa imeacha kuuza nusu ng'ombe kwa mabucha. Ilikata nyama kiwandani, ikaifunga na kuipakia kwenye maboksi. Kazi iliyohitaji mchinjaji stadi ikagawanywa vipande vidogo: mmoja anakata hapa tu, mwingine pale tu, siku nzima. Tatu, na hili ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini, mijini kulikuwa na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu na mishahara ya juu. Vijijini havikuwepo, au vilikuwa dhaifu. Kwa hiyo ajira zilizokuja Lexington hazikuwa zile za Omaha zilizohamishwa tu. Zilikuja zikiwa na ujira mdogo na mwendo mkali zaidi wa mnyororo unaobeba mizoga.

Watu wa mji hawakutosha kuzijaza, na wengi hawakuzitaka. Wakaja Wamexico na Waguatemala, na baadaye Wasomali. Mwaka 1990 wakazi wenye asili ya Amerika ya Kilatini hawakufikia mmoja kati ya kumi. Kufikia sensa ya 2000 walikuwa zaidi ya nusu. Msomaji wa Afrika Mashariki ana ndugu hapo asiowajua: wapo Wasomali wa Nebraska waliopitia Dadaab au Kakuma kabla ya kupokewa Marekani kama wakimbizi, na Kiswahili cha Kenya hawajakisahau.

Sasa linganisha. Kaskazini mwa Dawson kuna Kaunti ya Custer, yenye malisho na mahindi kama jirani yake, lakini isiyo na machinjio makubwa. Mwaka 1920 Custer ilikuwa na watu 26,407. Mwaka 2020 walikuwa 10,545. Hakuna vita wala tauni. Trekta lilichukua kazi ya wanaume kumi, mashamba yakaungana, vijana wakaenda Lincoln na Omaha kusoma na hawakurudi. Makao makuu yake, Broken Bow, yalikuwa na watu 3,778 mwaka 1990 na 3,491 mwaka 2020, na hata hao wana kiwanda cha vifaa vya hospitali cha kuwashikilia. Dawson nayo ilipanda kutoka 19,940 mwaka 1990 hadi 24,365 mwaka 2000, na imebaki kwenye kiwango hicho tangu hapo.

Anayesema Lexington ilikosea aanze na Custer. Njia ya pili haikuwa mji wenye viwanda kumi vidogo na kila mtu na duka lake. Njia ya pili ilikuwa kupungua polepole, bila habari gazetini. Mji unaopungua hivyo hupoteza kwanza wodi ya wazazi, kisha darasa la kwanza linakuwa na watoto sita, kisha duka la dawa linafungwa kwa sababu mwenye duka amezeeka na hana wa kumrithi. Lexington, kwa upande wake, ilipata wanafunzi takriban 3,000 katika shule zake na mji wenye vijana. Duka la vyakula la Msomali na mkate mtamu wa Kimexico kwenye barabara kuu ni maisha ambayo Custer haina, nami siwezi kumwelewa mtu anayeyaita maisha hayo hasara.

Hata hivyo, gharama zilikuwapo na hazikugawanywa sawa. Nyumba hazikutosha, na familia zikajaa kwenye nyumba za kukokotwa na gari pembezoni mwa mji. Shule zikalazimika kutafuta walimu wa kufundisha Kiingereza kwa watoto wa lugha nyingi, kwa kodi ya mji ambao mapato yake yalikuwa ya mshahara wa kisu. Mikono na mabega yaliharibika kwa kurudia kata ileile maelfu ya mara kwa zamu, na mtu wa miaka 45 mwenye vidole visivyokunjika haonekani kwenye takwimu ya ajira. Majira ya kuchipua ya 2020, korona ilipoingia kwenye machinjio ya Nebraska, Dawson ilikuwa miongoni mwa kaunti za jimbo hilo zilizoshambuliwa vikali zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu. Nyama iliitwa bidhaa ya lazima kwa taifa. Miaka mitano baadaye, watu walewale walioambiwa taifa haliwezi kula bila wao walipewa siku 60.

Upande wa kampuni nao usikilizwe kwa haki. Januari 2025 Marekani ilikuwa na ng'ombe milioni 86.7, idadi ndogo kuliko yote tangu 1951. Mwaka 1975 walikuwa milioni 132. Ukame wa miaka ya karibuni uliwafanya wafugaji wauze hata mitamba, na mtamba aliyechinjwa leo ni ndama asiyezaliwa mwaka kesho, hivyo kundi haliwezi kurudi kwa amri. Zaidi ya hapo mpaka na Mexico ulifungwa kwa ng'ombe hai kwa sababu ya funza wanaokula nyama ya mnyama akiwa hai. Viwanda vilivyojengwa kwa kundi kubwa sasa vinagombania ng'ombe wachache kwa bei ya juu, na kitengo cha nyama ya ng'ombe cha Tyson kilipoteza mamia ya mamilioni ya dola mwaka 2025. Machinjio yenye uwezo wa ng'ombe karibu 5,000 kwa siku yakikosa ng'ombe hao, gharama zake hazipungui. Kwa hesabu ya vitabu, lazima mojawapo lifungwe.

Hoja hiyo naikubali hadi hapo. Haielezi kwa nini lifungwe moja kwa moja badala ya kupunguza zamu, kama Tyson yenyewe ilivyoamua siku ileile kwa kiwanda chake cha Amarillo, Texas. Wala haiwajibu wafugaji. Kampuni nne, yaani Tyson, JBS, Cargill na National Beef, huchinja takriban asilimia 85 ya ng'ombe walionenepeshwa nchini Marekani. Mnunuzi mmoja akipungua, mfugaji wa Dawson anapakia ng'ombe kwenye lori kwenda mbali zaidi kwa wanunuzi wachache zaidi. Huko North Platte, mwendo wa saa moja hivi kwa gari upande wa magharibi, kampuni mpya ya Sustainable Beef ilianza kuchinja mwaka 2025. Imejengwa kwa ng'ombe 1,500 kwa siku na wafanyakazi mia nane na kitu. Ni msaada, lakini haiwezi kuwameza watu 3,200.

Mji unaopigwa hivi unakuwaje? Mifano miwili inanisaidia kufikiri. Wa kwanza ni Emporia, Kansas, ambako Tyson ilisimamisha uchinjaji mwaka 2008. Watu walikuwa 26,760 mwaka 2000, wakawa 24,916 mwaka 2010 na 24,139 mwaka 2020. Kidonda kikubwa, lakini mji ulisimama, kwa sababu una chuo kikuu cha jimbo na waajiri wengine, na kwa sababu kiwanda chenyewe hakikufungwa chote wakati huo. Lexington haina chuo kikuu.

Wa pili ni Postville, Iowa, na huu unanigusa zaidi. Mei 12, 2008, maofisa wa uhamiaji walivamia machinjio ya Agriprocessors na kuwakamata watu 389, wengi wao Waguatemala, katika mji wa watu takriban 2,200. Kabla mwaka haujaisha kampuni ilikuwa imefilisika. Ungetarajia mji ufe. Lakini mwaka 2009 mfanyabiashara wa Kanada alinunua kiwanda, akakiita Agri Star, na kazi zikarudi. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 2,227. Ile ya 2020, watu 2,503. Postville iliokolewa na ufilisi: jengo, mashine na vibali viliuzwa kwa mtu aliyetaka kuvitumia. Kampuni iliyofilisika haina uwezo wa kukataa kuuza.

Tyson haijafilisika. Inaweza kuuza jengo kwa mshindani wake, na inaweza pia kulishikilia likiwa tupu ili ng'ombe wa eneo hilo waende kwenye viwanda vyake vingine. Hapa ndipo wale wa hukumu ya kwanza wanapokuwa na haki. Mwaka 1987 Nebraska ilipitisha sheria ya kuwapunguzia kodi wawekezaji wakubwa, na majimbo mengine ya tambarare yalikuwa yakishindana kwa namna hiyo. Masharti yalihusu kuja: dola ngapi, ajira ngapi. Hakuna aliyeuliza itakuwaje kwa jengo mwekezaji akiondoka baada ya miaka 35. Mji ungeweza kudai haki ya kununua kabla ya wengine, au kodi ya kila mwaka kwa kiwanda kinachofungwa bila kuuzwa. Wakati wa kudai ni siku ya kwanza, kampuni inapohitaji maji, barabara na majitaka. Sisemi hayo kwa kuwadharau madiwani wa 1990. Walikuwa na jengo tupu na watu wanaohama, na mwenye njaa hajadili bei ya unga. Lakini methali ya mtegemea cha nduguye haiwahusu wafanyakazi hata kidogo. Wao hawakutegemea cha mtu, walikuwa wakikata nyama. Waliotegemea ni wale waliotia saini bila kuuliza.

Wanauchumi husema watu huhama kufuata kazi na soko hujisawazisha. Kwa mpangaji, pengine. Familia ya Kisomali iliyohamia Lexington kutoka Minnesota inajua njia ya kutoka, na kwa mfano huo naona wapangaji ndio watakaoondoka kwanza. Tatizo ni aliyekuja mwaka 1996, akafanya zamu ya usiku na mke wake zamu ya mchana, wakanunua nyumba. Wote wawili wamepoteza kazi siku moja. Nyumba yao, ambayo ndiyo akiba yao yote, inaingia sokoni pamoja na nyumba za majirani waliopoteza kazi siku hiyohiyo. Akiuza kwa hasara, amepoteza miaka 30. Asipouza, analipia mkopo wa nyumba katika mji usio na mshahara wa kuulipa. Kwa hiyo idadi ya watu inaweza kubaki karibu na 10,000 kwa muda, na mtu wa mbali akaitazama na kusema mji umehimili.

Ndiyo maana sitaitegemea sensa ya Aprili 2030 peke yake kunieleza yaliyotokea. Nitatazama mambo mawili mapema zaidi: iwapo jengo lile lililopo tangu enzi za New Holland litapata mnunuzi mwenye nia ya kuliendesha, na ni watoto wangapi watakaoandikishwa shule Agosti, mwaka wa masomo unapoanza.